Bendi Bila Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Mgongo unauma, viatu vimejaa tope, na sanduku la matoazi limebonyea kwa sababu mtu alilibwagia gunia la vitunguu pale mpakani. Nilimuuliza dereva, "Kijana, hili ni sanduku la bendi au ni kitanda cha vitunguu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mke wangu kaniagiza niandike kila siku, maana anasema nikirudi nyumbani nitaongeza chumvi. Basi haya hapa, hayana chumvi. Mimi ni mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya magereza. Maisha yangu yote ya kazi nimeingia na kutoka gerezani na sikuwahi kufungwa. Kanisa letu limenituma huku ng'ambo, kwenye nyumba ya misheni ya watoto yatima, nikae msimu huu wa mvua niwafundishe watoto bendi. Nimekuja na tarumbeta, tromboni, besi moja ya kupuliza, ngoma kubwa na ndogo, na hayo matoazi. Vyote ni vikuukuu vya kanisa, na ni vya kuazima. Fimbo ya kuongozea bendi na glavu nyeupe ni vyangu mwenyewe.

Aliyenipokea ni mlezi mkuu, mama mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni. Watoto wanamwita Mama Mlezi. Hata sijatua mzigo akaniambia, "Karibu mzee. Hapa tuna sheria moja kwa wageni. Watoto wasikuite baba. Wala babu."

"Sasa waniite nani?"

"Watajua wenyewe."

Nimelala na hasira kidogo. Mungu anisamehe, ila yule mama ana roho ngumu.

Jumanne, 4 Machi

Wamejua wenyewe kweli. Kila aliyewahi kuja kujitolea hapa anakumbukwa kwa kitu alichokileta. Kuna Mjomba Rangi, aliyepaka kuta. Kuna Shangazi Vyandarua. Kuna Mjomba Gitaa. Kabla chai ya asubuhi haijapoa nilikuwa Mjomba Tarumbeta.

Umri huu! Nina wajukuu wanaonizidi urefu, halafu naitwa mjomba. Nilipomlalamikia Mama Mlezi alisema, "Heri mjomba. Mjomba huja akaondoka, hakuna anayeshangaa."

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza, kwenye bwalo, meza zimesukumwa ukutani. Sheria ya bendi ni ile ile niliyofundishwa mimi nikiwa kuruta: hakuna sauti kabla mkono wa kiongozi haujashuka. Anayepuliza kabla ya mkono anakwenda kusimama nje. Walikwenda nje karibu wote. Bwalo likabaki na mimi na mtoto mmoja mdogo kabisa wanayemwita Nukta, ambaye hakupuliza chochote kwa sababu nilimpa matoazi na hakuweza kuyainua.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Midomo imevimba, ya kwao, si yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna binti mmoja amekataa. Ana kama miaka kumi na mitatu, na wenzake wanamwita Bi Mkubwa kwa jinsi anavyowaendesha wadogo kwenye foleni ya kuoga. Ukimsikia akisema "Wewe! Nyuma ya sikio hujasugua!" utadhani yeye ndiye aliyewazaa. Wakati wa mazoezi anakaa dirishani anakunja nguo zilizoanuliwa, anatutazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake.

Nilimpelekea tarumbeta. Hakunyoosha mkono.

"Mjomba, hiyo utaondoka nayo?"

"Tutaona," nikasema.

"Basi nami nitaona," akasema, akaendelea kukunja soksi.

Ala! Nimewahi kuongea na wafungwa wa maisha wenye adabu zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Vali mbili za tarumbeta, vile vitufe vya kubonyeza, zimekwama. Mafuta ya kupikia hayafai, usijaribu.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilimuuliza Mama Mlezi habari za huyo Bi Mkubwa. Akaniambia habari za Mjomba Gitaa. Kijana mzuri, mcheshi, alimfundisha yule binti gitaa msimu mzima mpaka akawa anawaongoza wenzake kuimba wakati wa sala. Siku ya kuondoka, kijana akalitia gitaa kwenye mfuko wake, akambusu mtoto kichwani, akapanda gari. Hakukosea, gitaa lilikuwa lake. Lakini binti hakula siku kadhaa, na tangu hapo hagusi kitu cha mgeni.

"Ndiyo maana ya ile sheria yangu," Mama Mlezi akasema. "Nyinyi mkiondoka mnakwenda na picha. Mimi nabaki na sahani ambazo hazijaguswa."

Nimeomba leo kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu. Yule mama nilimwita mwenye roho ngumu bure.

Jumanne, 18 Machi

Sasa wanapiga. Lo! Hawapigi vizuri, ila wanapiga pamoja na wanaanza pamoja. Nahesabu moja, mbili, mkono unapanda, pumzi zote zinaingia. Mkono unashuka, sauti inatoka. Kijana wa besi anakaribia kuzimia kila mara, naye anaona ni sifa.

Shida ni kasi. Mwanzoni tunatembea, katikati tunakimbia, mwishoni tunafukuzwa na mbwa. Leo katikati ya fujo hiyo nikasikia mdundo nje ya dirisha, umenyooka kabisa. Nikanyamazisha bendi. Mdundo ukaendelea. Alikuwa Bi Mkubwa, anafua, anapigapiga beseni kwa kiganja huku nguo zikiloweka. Tulipokuwa tunakimbia, yeye hakukimbia.

Nikafungua dirisha. "Wewe binti, hilo beseni nitaondoka nalo?"

"La nini? Ni la hapa."

"Basi lilete ndani."

Alisita, akaangalia mikono yake yenye povu, kisha akaja. Amekaa nyuma na beseni lake la bluu, na kwa mara ya kwanza wimbo ulimalizika kwa kasi uliyoanza nayo. Watoto walipiga makofi. Mimi nilijifanya nasafisha tarumbeta.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia mke wangu simu. Nikamwambia vyombo hivi havipaswi kurudi. Nilijua wazee wa kanisa watapinga, kwa kuwa walinisisitizia virudi vyote.

"Umewauliza?" akasema.

"Nawaogopa."

"Wewe ambaye umelala na wauaji?"

"Sikulala nao, nilikuwa bendi!"

"Haya, mwanabendi. Niachie mimi."

Huyo mwanamke akisema niachie mimi, mimi nawaonea huruma wazee.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nukta ameweza kuinua matoazi. Aliyagonga mara moja, akajitisha mwenyewe, akalia. Kisha akaomba ayagonge tena.

Jumamosi, 29 Machi

Simu kutoka nyumbani. Mke wangu aliingia kwenye kikao cha wazee akiwa amebeba chai, hivyo hakuna aliyeweza kumfukuza. Akawauliza mara ya mwisho bendi ya kanisa kupiga ni lini. Wakakohoa. Akawaambia, "Hizo tarumbeta hapa zilikuwa zinapigwa na panya. Huko zinapigwa na watoto wa Mungu. Nani anataka kusimama madhabahuni aseme panya wana haki zaidi?" Mwenyekiti akaomba sukari, na mambo yakaisha. Vyombo vinabaki.

Nilikwenda moja kwa moja uani. Bi Mkubwa alikuwa anaanika mashuka. Nikamwambia, "Uliniuliza swali siku ile, nikakujibu tutaona. Nimeona. Vinabaki hapa. Vyote."

Alibana shuka kwa vibanio viwili, polepole, akabana na cha tatu kisichohitajika.

"Na ngoma kubwa?"

"Na ngoma kubwa. Inatafuta mwenyewe."

Jioni hii nimemsikia anaipiga bwaloni, peke yake, taratibu. Nina furaha ambayo siwezi kuificha, na kwa nini niifiche?

Jumapili, 6 Aprili

Mchungaji wa huku ametangaza: mvua zikiisha, mwezi ujao, tutazindua kanisa jipya upande wa pili wa mji. Maandamano yatapita barabara kuu. Wazee, kwaya, vijana, akina mama, na mwisho kabisa watoto wa misheni na bango lao. Nimeliona hilo bango stoo. Limeandikwa WATOTO YATIMA kwa herufi ambazo hata kipofu angezisoma. Kila mwaka kwenye maandamano ya kanisa wanatembea nyuma nalo, na watu barabarani wanawatazama kwa huruma, wanatikisa vichwa.

Nikamfuata mchungaji. Nikamwambia bendi haitembei nyuma, duniani kote bendi iko mbele. Akanitazama, akamtazama Nukta aliyekuwa ananing'inia kwenye koti langu.

"Mzee, watapiga kweli? Wakikwama mbele, maandamano yote yatakwama nyuma yao, mji mzima ukitazama."

"Watapiga."

"Sawa. Mbele."

Nilirudi natembea kama kuruta. Tayari najiona: glavu nyeupe, fimbo juu, watoto nyuma yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi. Mvua. Mazoezi.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo lazima niandike kirefu.

Asubuhi nilikwenda mjini na dereva wa misheni kutafuta mafuta ya vali na ngozi ya ngoma. Nikawaambia watoto, "Saa nane nitakuwa nimerudi, nikute mmekaa tayari." Tukarudi vizuri mpaka kwenye ule mteremko, gari likazama. Tulisukuma, tukaweka mawe, tukaweka matawi, dereva akaweka na koti lake, ambalo hatujaliona tena. Tulifika nyumbani jua linazama, mimi nimekuwa tope tangu kiatuni hadi ndevuni.

Nikasikia kimya. Nikafikiri wameshatawanyika. Nikachungulia bwaloni.

Walikuwa wamekaa. Wote. Tarumbeta mapajani, ngoma shingoni, wamenyooka kama nilivyowafundisha. Walikaa hivyo tangu saa nane. Hawakuwa wamepuliza hata pumzi moja. Chai ilipita, hawakwenda. Nukta alikuwa amesinzia na matoazi yake kifuani.

Nikasema kwa sauti, "Mnaona? Hii ndiyo nidhamu! Hii ndiyo bendi!" Kifua changu kilijaa. Nikawapigisha wimbo mmoja nikiwa na tope hivyo hivyo, kisha nikawaruhusu waende kula.

Mama Mlezi alikuwa mlangoni. Akasubiri mpaka mtoto wa mwisho ametoka.

"Umefurahi?"

"Kwa nini nisifurahi? Umewaona?"

"Nimewaona. Nimekaa nao mchana kutwa. Niliwaambia wapige tu, wakaniambia mkono wa Mjomba haupo." Akazungusha funguo zake. "Mzee, mwezi ujao unaondoka. Mkono unaondoka nao. Umetuachia tarumbeta, asante, Mungu akubariki. Lakini nami nitakuwa na watoto waliokaa na tarumbeta mapajani, wanasubiri. Afadhali gitaa. Gitaa liliondoka likaisha."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye anajua funguo, mimi najua bendi. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikuongea na Mama Mlezi. Yeye pia hakuongea nami. Chai niliipata baridi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikuwa nakaza ngozi ya ngoma kubwa, Bi Mkubwa ameshika upande wa pili. Akasema bila kuniangalia, "Mjomba, ukiondoka nani atahesabu?"

Hakuuliza kwa kunitega. Aliuliza kama anavyouliza sabuni imebaki kiasi gani, ili ajue kesho wataoga na nini. Na mimi, mtu mzima, mwenye medali, nilikaa na ile kamba mkononi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimewafundisha kila kitu isipokuwa kuanza.

Nilikwenda jikoni, nikamwambia Mama Mlezi, "Nimekosea." Akanimiminia chai ya moto.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimetia mikono mfukoni. "Anzeni," nikawaambia.

Wakanitazama.

"Anzeni!"

Wakatazama mifuko yangu. Kijana wa besi akaniuliza kwa upole kama mikono inauma.

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jiko kwenye mvua ili wasinione. Kimya. Mpishi akanitolea mwavuli akiniuliza kama nimefukuzwa. Baada ya muda nikasikia kisauti kama cha mbu: "Moja, mbili..." Hakuna aliyepuliza.

"Bi Mkubwa!" nikapaza sauti kutoka nyuma ya jiko. "Ukiwaogesha wadogo unawaambia kwa sauti hiyo?"

"Hapana!"

"Basi waogeshe hawa!"

Kisha nikasikia, mji mzima umesikia, "Wewe wa besi, kaa sawa! Nukta, acha kuchezea kamba! Bendi, tayari! Moja! Mbili!"

Wakaingia. Wapiga tarumbeta wawili walichelewa, tromboni ilipotea njia, lakini waliingia. Nililowa chapachapa na nilicheka peke yangu kama chizi. Mpishi akarudi ndani na mwavuli wake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nyuma ya jiko tena. Vizuri zaidi. Bi Mkubwa ameanza kumfundisha kijana mmoja ngoma kubwa.

Jumanne, 29 Aprili

Nyuma ya jiko. Nimepata mafua.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zimekatika. Uwanja umekauka kiasi cha kutembea. Tumefanya mazoezi ya mwendo: mguu wa kushoto, macho mbele. Nimewaambia bendi ikitembea haimtazami mtu. Hata mama yako mzazi akisimama kando ya barabara anakupungia leso, macho mbele. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Nikauma ulimi. Bi Mkubwa akanitoa kwenye haya: "Mmesikia? Macho mbele!"

Jumanne, 6 Mei

Mama Mlezi kaniuliza Jumapili, siku ya maandamano, nitasimama wapi. Nikamwambia mbele, na fimbo yangu, kama kiongozi wa bendi anavyosimama. Hakubisha. Alisema tu, "Ukiwa mbele, watakaopiga ni wewe na wao. Sasa utajuaje kama wanaweza wenyewe?"

Yule mama anajua mahali pa kumchoma mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezipiga pasi glavu. Niliota siku hii. Ukweli ni huo, niliota mimi niko mbele na watu wanauliza yule mzee ni nani. Nimezipiga pasi mara mbili, kisha nikamwita Bi Mkubwa nikampa, pamoja na fimbo.

"Ngoma kubwa mpe kijana uliyemfundisha. Wewe uko mbele."

Alivaa glavu. Vidole vyake havikufika mwisho, ncha zikawa zinaning'inia. "Na wewe?"

"Mimi nitakuwa mtazamaji. Nikusikie kutoka upande wa pili wa barabara."

"Nikisahau?"

"Ukisahau utawagombeza. Hujawahi kusahau kugombeza."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mpaka na fizi.

Jumapili, 11 Mei

Nimesimama kando ya barabara kuu, mbele ya duka la viatu, katikati ya watu nisiowajua. Mashati ya watoto yalikuwa yamenyooshwa mpaka yanang'aa. Mama Mlezi hakulala. Asubuhi nilimuuliza bango liko wapi. Akaniambia liko bwaloni, amelilaza kifudifudi chini ya ngoma ili sakafu ya baridi isiharibu ngozi. Alilisema hilo kama jambo la kawaida tu.

Walisimama mwanzo wa barabara. Nyuma yao mchungaji, wazee, kwaya, umati mrefu. Bi Mkubwa mbele na fimbo yangu. Kikawa kimya. Kimya kikarefuka. Nikaona mtoto wa tarumbeta ya kwanza anageuza kichwa, anatafuta. Nilijua anatafuta nini. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe, haki ya Mungu, hapo dukani mbele ya watu. Nikaushika kwa mkono wa pili nikaubana ubavuni.

"Baba, unaumwa?" mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja kidogo tu."

Ndipo ikaja ile sauti. "We wa kwanza, unatazama nini huko? Mbele! Bendi, tayari! Moja! Mbili!"

Na bendi ikaingia, Bwana asifiwe, ikaingia yote pamoja, tarumbeta, tromboni, besi, ngoma, na Nukta na matoazi yake kama mlango wa chuma unaogongwa na malaika. Wenye maduka wakatoka. Mafundi wa baiskeli wakasimama na spana mikononi. Hakuna aliyetikisa kichwa kwa huruma. Walitikisa kwa mdundo.

"Hawa watoto wa nani?" yule mama akauliza.

Nilifungua mdomo nijibu. Jamaa mwingine akaniwahi: "Huwajui? Hii ndiyo bendi ya misheni." Utadhani ipo tangu babu yake azaliwe.

Wakapita mbele yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika Nukta sikio. Hakuna aliyenitazama. Hata mmoja. Macho mbele, kama nilivyowafundisha. Nililia hadharani, mimi, mstaafu wa magereza, na sikujifuta.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefunga mizigo. Begi ni jepesi. Jioni Mama Mlezi aligonga mlango wa chumba changu: "Babu, chai tayari." Tulitazamana. Hakujirekebisha. Nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 13 Mei

Naandika garini, herufi zinarukaruka.

Desturi ya nyumba ile ni kwamba mgeni akiondoka watoto wanajipanga getini, wanaimba wimbo wa kwaheri, wanalia, naye analia, wanapigwa picha. Nilijiandaa. Nilikuwa na leso mbili. Nikatoka na begi langu, getini hakuna mtu. Mama Mlezi peke yake, ameshika kufuli. Akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili. Nikapanda gari.

Kutoka bwaloni nikasikia tarumbeta. Wimbo mpya, ambao sikuwafundisha mimi. Nadhani wameutoa kwenye redio ya mpishi. Mtoto wa tarumbeta ya pili akakosea pale pale anapokosea siku zote. Mguu wangu ulikuwa tayari unashuka garini nikamrekebishe, lakini muziki ukakatika, na Bi Mkubwa akasikika mpaka barabarani: "Hapana! Tena! Tangu mwanzo! Moja! Mbili!"

Wakaanza tena. Nikaurudisha mguu ndani, nikafunga mlango.

Dereva akatazama geti tupu, akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, hawajaja hata kukuaga?"

"Hawana nafasi," nikamwambia. "Wana mazoezi."